Kozi ya fizikia ya vitendo Nyakato: wiki nne zangu, soma kabla hujalipa

Basi jamani nimemaliza wiki nne za kozi ya fizikia ya praktiko huku Nyakato, Mwanza, jina la kituo silitaji maana nina malalamiko huko chini, ila kwa ujumla hela ya maza haijapotea. Niko form three na shuleni kwetu pendulamu nilikuwa naiona ubaoni tu, ticha anachora uzi na kaduara chini yake, unanakili, mmemaliza.

Huku siku ya kwanza tu mnagawanywa watatu watatu, mnapewa uzi, rula ya mita na risasi zile za nyavu za wavuvi, eti zimenunuliwa mwaloni Kirumba. Uzi mita moja, hesabu mizunguko kumi, tafuta g, yani ile namba ya mvutano wa dunia. Mi nikapata 12.1 daah. Shuleni ningeandika 10 nikae kimya, tunaitaga kupika data na kila mtu anapika, tusidanganyane. Nikataka kufuta. Ticha akanikamata mkono, "acha hapohapo kijana, nenda katafute imetoka wapi". Nikazunguka nayo karibu saa nzima, kumbe naachia risasi huku nasema "moja"! Inatakiwa uanze na sifuri, mimi nilikuwa napima mizunguko tisa af nagawanya kwa kumi. Nimerudia nikapata 9.7, aisee nilifurahi kama nimefunga goli Kirumba.

Ndo sheria kubwa ya pale hiyo: unaandika na peni, hakuna whiteout, ukikosea unakata mstari mmoja ili ulichokosea kisomeke. Nusu ya maksi iko kwenye daftari, sio kwenye jibu. Zingine za kawaida, simu kikapuni, viatu vya kufunika na saa mbili kamili mlango umefungwa (nimefungiwa nje mara mbili kwasababu ya daladala za Igoma, sitaki kuongea). Ila kuna moja nimeipenda, ukivunja bika, lile kopo la kioo la maabara, ukasema mwenyewe hulipi kitu, ukificha unalipa na darasa zima linajua.

Siku ya kuchemsha maji ndo ilikuwa burudani. Themometa zote zinagoma kwenye 96 na maji yanatokota kabisa, benchi la nyuma yetu wakaandika 100. Ticha akawauliza kwa upole tu, "hiyo mia mmeiona kwenye themometa au kwenye kitabu?" Kimya. Kumbe ziwa letu lenyewe, Victoria, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji ni ndogo kuliko Dar, kwahiyo huku yanachemka mapema. Na ndo maana maharage hapa yanachelewa kuiva, nilivyomwambia maza akasema yeye siku zote alidhani ni mkaa mbovu.

Sasa malalamiko. Stopwachi nzima zilikuwa mbili kwa benchi saba, na simu mmetunyang'anya, mnategemea tupime na nini? Wiki ya umeme tanesko walikata siku mbili, tukafanya na betri za redio zilizochoka, grafu yangu ya volti na ampea imepinda kama barabara ya mlimani, ticha akasema andika sababu, nikaandika betri, akanipa maksi zote lakini bado inaniuma. Mwanga na lenzi vilipitwa haraka mno, siku moja na nusu tu, wakati vinatoka sana kwenye mtihani. Na lile bati juu, saa nane mchana mle ndani unaiva kabla ya maharage.

Elfu sitini kwa wiki nne, nyingine wanasema inaanza likizo ya Desemba. Nenda na stopwachi yako, za madukani Makoroboi zinatosha, na usikubali kukaa benchi la dirishani.