Tiara za Kichina: ipi ununue kwanza

Kabla hujatazama michoro, geuza tiara utazame mgongo wake. Nyingi zinazouzwa kwa jina la Weifang au Beijing, miji ya China, ni mapambo ya ukutani: rangi nzito, fito nene, hatamu (nyuzi zinazounganisha tiara na uzi wa kurushia) imefungwa ovyo.

Ya kwanza kwetu, bila ubishi, ni mbayuwayu wa Beijing, shayan. Kila bawa lina fito mbili za mwanzi, ya juu na ya chini, zinazokutana nchani. Upepo hutunisha kitambaa katikati kisha huponyokea kwenye ncha, ndiyo maana tiara hii hutulia bila mkia wa kuongezwa. Popo waliochorwa mabawani ni ishara ya baraka. Mbayuwayu mnene humwakilisha mwanamume, mwembamba mwanamke, mdogo mtoto.

Anza na upana wa sentimita 70 hadi 90, wa hariri. Karatasi hulegea ikipata unyevu. Uegemeze uti wake juu ya kidole: mabawa yalale sawa. Kisha bonyeza ncha zote mbili kwa nyuma, taratibu. Bawa moja likiwa laini zaidi, tiara itaelemea upande huo kila ikipanda. Fundi hukwangua ufito mgumu kwa ndani tu, maana nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda. Ikivuta sana bila kupanda, sogeza fundo la hatamu juu kwa nusu sentimita. Ikiinamisha kichwa na kukosa upepo, lirudishe chini.

Ya pili ni tiara bapa, kama ile ya bagua, alama nane za kale za Kichina. Ni rahisi kutengeneza na kukarabati, lakini haiendi bila mkia. Ikizunguka, refusha mkia.

Kipepeo na samaki wa dhahabu wana mabawa laini, yenye ufito wa juu pekee. Wanapendeza kwenye upepo mdogo. Upepo mkali huwakunja.

Joka la Weifang, lenye kichwa na mwili wa visahani vingi, liache hadi uwe na wasaidizi wawili. Visahani hushikwa na nyuzi tatu, na kila kimoja kina kijiti chenye manyoya ncha zote mbili cha kukisawazisha. Litandaze sakafuni dukani upime nafasi kati ya visahani. Uzi mmoja ukiwa mfupi, mwili mzima hujipinda hewani, na kuufungua kisahani kwa kisahani ni kazi ya siku nzima.