Duka la dawa za asili Kariakoo: uwatu wao ununuliwe, kopo lao liachwe

Duka hili dogo la Kariakoo, ambalo sitalitaja jina, linauza vitu vitatu kwa wenye kisukari: mbegu za uwatu, karela (tunda chungu lenye umbo kama tango) iliyokaushwa na kusagwa, na unga wa mchanganyiko uliofungwa kwenye kopo jeupe. Nilikwenda na mama yangu mzazi, anayetumia metformini, vidonge vya hospitali vya kushusha sukari.

Uwatu wao ni mzuri kwa kweli. Mbegu zina rangi ya dhahabu, hazina mchanga, na zikilowekwa usiku kucha huvimba na kutoa ute mzito wenye uchungu wake. Ute huo ndio wenye kazi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo. Watu wa Pwani, waliozoea kumpikia mwanamke aliyetoka kujifungua uji wa uwatu, hawahitaji kufundishwa namna ya kuutumia, ilimradi wauhesabu kuwa chakula kinachosaidia dawa.

Karela ni safi pia, ila mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu kisukari cha aina ya pili, na anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge kingine cha kushusha sukari) asiianze bila kumwambia daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Kopo jeupe ndilo lililonisikitisha. Lebo inaahidi kuponya kisukari kabisa, lakini haitaji mimea iliyomo, kipimo, wala namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji, kijana mpole na mwenye subira, akamwambia mama: "Mama, ukianza hii, vidonge vya hospitali weka kando." Ushauri huo ni wa hatari, kwani sukari iliyopanda huharibu figo, macho na mishipa ya fahamu kabla mgonjwa hajahisi lolote. Sisemi haya kwa kuidharau mimea. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, lakini ilitengenezwa maabara, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa na daktari Jean Sterne wa Ufaransa, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1957.

Atakayekwenda aombe uwatu wa mbegu nzima, kwa sababu uliosagwa haujulikani umechanganywa na nini, kisha apime sukari asubuhi kabla ya kula na kuandika namba hizo kwenye daftari analokwenda nalo kliniki.