Boksi la swichi la Ex d (linalofungia mlipuko ndani) kwa kituo cha kujazia gesi: chombo kizuri, duka limekiharibu

Naanza na kilichonikera. Pale kifuniko kinapokaa juu ya boksi, chuma kwa chuma, fundi wa duka amezungushia silikoni nyeupe, ile ya kuzibia masinki. Nilipouliza nikajibiwa: "Kaka, nimekuzibia vizuri, hata tone la maji halipiti." Anasema kama kanipa zawadi!

Boksi la Ex d halikutengenezwa kuzuia gesi isiingie. Gesi huingia, cheche ya kontakti inaiwasha, mlipuko unatokea humo ndani na boksi linauhimili. Moto ukitafuta njia ya kutoka unapita kwenye upenyo mwembamba wa maungio, unapoa humo humo, ukifika nje hauna tena uwezo wa kuwasha gesi. Ukipaka silikoni inayoganda, kifuniko hakilali sawasawa, upenyo si ule uliopimwa maabara, na cheti kinabaki karatasi. Pale hupakwa grisi isiyoganda tu, tena kidogo, kuzuia kutu. Na kama jirani kuna vitambua-gesi vya katalitiki (vinavyoitambua gesi kwa kuichoma), hata grisi ya silikoni usitumie: mvuke wake unavitia upofu, gesi inavuja navyo vimenyamaza.

Ubaya zaidi, silikoni ile haibanduki kirahisi. Ukikwangua kwa bisibisi unachora uso wa maungio, na mchoro mmoja unaokatisha kutoka ndani hadi nje ni njia ya moto. Tumia kipande cha mbao au plastiki, kisha pima upenyo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ukilinganisha na cheti.

Kwa haki, chaguo lenyewe lilikuwa sahihi. Sehemu ya kujazia mitungi ni Zoni 1, yaani mahali ambapo gesi ya kulipuka inaweza kuwepo hata kazi ikienda kawaida. Propani na butani ni gesi za kundi IIA, na boksi la IIB, yaani la gesi ambazo moto wake hupenya upenyo mwembamba zaidi, linakubalika hapo (la IIA kwenye gesi ya IIB, hapana). T4 maana yake uso wa nje hauzidi nyuzi 135, wakati butani inahitaji T2 (nyuzi 300) tu. Vitufe vinabonyea vizuri, ekseli zake hazichezi. Ningetoa nyota nne.

Lakini angalia walivyolikabidhi! Tundu la pili la kebo lina kizibo chekundu cha plastiki, ambacho ni cha kusafirishia tu. Hapo panatakiwa kizibo cha chuma chenye cheti cha Ex d, uzi wa M20 (kipenyo cha milimita 20) uingie mizunguko mitano kamili na si chini ya milimita 8. Gilandi (kishikio cha kebo inapoingia boksini) waliyonipa ni ya kawaida, si ya Ex d. Bolti moja ya kifuniko ni fupi kuliko wenzake. Na stika ya duka yenye namba za simu wameibandika juu ya kibati cha maelezo ya boksi, imefunika kiwango cha joto la mazingira. Kibati kisipotaja joto hilo, mwisho ni nyuzi 40, na boksi la chuma linalopigwa jua la Dar mchana kutwa linapita hapo.

Niliporudi kulalamika: "Bosi, hayo ya vitabuni, sisi tunafunga hivi miaka yote."

Nyota nne nazifuta. Boksi nalipa nyota mbili, maana uso wa maungio umeshachubuka na kifuniko kipya hakiuzwi peke yake. Duka silipi hata nyota moja, na hela yangu naidai.