Kuosha na kutunza gari nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Ingia duka la vifaa vya magari pale Gerezani, Kariakoo, utazame kilichopangwa usawa wa macho: marashi ya kuning'iniza kwenye kioo, spreyi ya kung'arisha dashibodi, mafuta ya tairi. Vitu vya maana viko rafu ya chini au nyuma ya muuzaji, havina harufu wala kopo la kuvutia. Mpangilio wangu unakwenda kinyume na ule wa rafu. Nimeupanga kwa swali moja: shilingi ya kwanza ukiiweka hapa, itakuepushia gharama gani huko mbele? Gari ninalolizungumzia ni lile lililojaa barabara zetu, Toyota iliyotumika kutoka Japani, iwe IST, Passo, Premio au Noah, inayolala nje uani, jua lake na vumbi lake.

1. Taulo za mikrofaiba, glovu ya kuoshea na ndoo mbili

Mikwaruzo ile myembamba ya mviringo unayoiona kwenye boneti jeusi jua likipiga haikuletwa na barabara. Imeletwa na aliyeosha. Chembe ya mchanga ikinaswa kati ya sponji na rangi, kila unaposugua unachora. Sponji bapa haina pa kuuficha mchanga, inauburuta tu. Fulana kuukuu ndiyo mbaya zaidi, maana ina mishono. Glovu yenye nyuzi ndefu huumeza mchanga ndani ya nyuzi, kisha unausuuza kwenye ndoo.

Ndiyo maana ndoo ni mbili. Moja ina maji ya sabuni, nyingine maji matupu ya kusuuzia glovu kabla hujairudisha kwenye sabuni. Ukimaliza, tazama chini ya ile ya kusuuzia: mchanga uliotuama pale ungekuwa juu ya rangi yako. Ndoo za lita 10 zinatosha, na hata siku za mgao wa maji gari dogo huoshwa vizuri kwa ndoo tatu au nne ukiwa na kata ya kumwagia.

Kwenye taulo, kifungashio kizuri huandika uzito kwa gramu za mita moja ya mraba. Tafuta kati ya 300 na 400 kwa kazi za kawaida, na moja kubwa na nzito zaidi ya kukaushia. Kama hakuna maandishi, mwombe muuzaji uijaribu. Pitisha kiganja kikavu: mikrofaiba ya kweli huing'ang'ania ngozi, hasa penye sugu. Kisha mwaga matone ya maji juu ya kaunta ufute mara moja. Ile ya bandia huyasukuma maji pembeni, ya kweli huyanywa. Kata lebo kabla ya kuanza kutumia, ile lebo nayo inachora.

Nunua rangi tofauti: moja ya bodi, nyingine ya vioo, nyingine ya rimu, wala zisibadilishane kazi. Iliyoanguka chini imeshashushwa cheo, inakwenda kwenye rimu. Zifue peke yake kwa sabuni ya maji, bila kilainisha nguo, kwa sababu kinaziba nyuzi na taulo inaacha kunyonya. Ukiwa na msaidizi wa nyumbani, mwambie mapema, la sivyo utazikuta zimedekia jiko.

2. Geji ya upepo

Ni kidude kidogo kuliko simu, na bei yake haizidi kuoshewa gari mara chache. Nimekiweka cha pili, mbele ya sabuni, kwa sababu tairi ndicho kitu pekee cha gari kinachogusa barabara.

Kituo cha mafuta kijana atakuuliza, "Tuweke thelathini na tano?", na wewe utaitikia kwa sababu huna jibu jingine. Jibu liko kwenye gari lako. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango kwa chini: kuna kibandiko cha Kijapani. Maandishi hutayasoma, lakini tarakimu utaziona, kwa mfano 220 kPa au 230 kPa, za mbele na za nyuma kando kando. Hicho ni kipimo cha upepo; gawanya kwa 6.9 upate psi, kipimo anachokitumia yule kijana wa kituoni. Kwa hiyo 220 ni psi 32, na 240 ni karibu 35. Namba hiyo ni ya tairi za saizi iliyoandikwa palepale, na ni ya tairi iliyopoa: pima asubuhi kabla hujatoka. Ukipima baada ya kutoka Kibaha saa nane mchana, joto limeshaongeza namba na utatoa upepo unaohitajika.

Upepo ukipungua, tairi huliwa kingo zote mbili, mafuta huenda zaidi, na ubavu wa tairi hupata joto hadi unaweza kupasuka safarini. Ukizidi, huliwa katikati na breki hushika vibaya. Geji ya dijitali ni rahisi kusoma, ila ile ya saa yenye mshale haiishiwi betri. Yoyote kati ya hizo mbili inafaa. Ile ya kijiti kinachochomoza ndiyo ningeiacha, mistari yake ni ya kukisia.

Ukishainama pale, soma na tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanza na herufi DOT kwenye ubavu wa tairi. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa wanaonunua tairi za mtumba, hilo pekee linalipia muda wa kuinama.

3. Kulanti ya kweli

"Kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini?" Hoja hii inarudi kila kijiwe cha mafundi, na inasikika ya maana kwa sababu kulanti, dawa inayotiwa kwenye maji ya rejeta, hutajwa sana kwa kazi ya kuzuia maji yasigande. Kwetu kazi zake ni mbili nyingine: inapandisha kiwango cha joto ambacho maji huchemka, na ina viambata vinavyozuia kutu na ulaji wa aluminiamu. Maji ya bomba, na zaidi yale ya kisima chenye chumvi, huacha magadi ndani ya rejeta na kutafuna pampu ya maji. Ukifungua mfuniko ukakuta maji ya rangi ya chai, hiyo ni kutu.

Dukani, soma nyuma ya chupa, usisome rangi. Rangi haina sheria moja, kila kampuni inapaka yake. Toyota yenyewe ina nyekundu ya zamani ambayo huchanganywa na maji, na ya waridi iliyokwishachanganywa tayari. Unachotafuta ni maneno ethylene glycol (glikoli, ndiyo dawa yenyewe) na asilimia yake, na kama ni nzito ya kuchanganywa au ya kumimina moja kwa moja. Nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi, si ya bombani. Maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti yapo, na mkono unaweza kukusaidia: glikoli ni nzito kuliko maji kwa takriban sehemu moja kati ya kumi, hivyo galoni la lita 4 la ile nzito linapaswa kuzidi kilo 4 waziwazi. Muuzaji mwenye mizani hatakunyima.

Usichanganye aina mbili. Kama hujui kilichomo, mwaga vyote, suuza, anza upya. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa tambara nene. Na kulanti iliyobaki usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ina ladha tamu na ni sumu, kwa mtoto na kwa paka.

4. Shampuu ya gari

Sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na itatoa nta yoyote iliyoko juu ya rangi kwa raha zake. Sabuni ya maji ya mtaani, ile ya madumu ya lita 5, mara nyingi hutiwa chumvi iwe nzito. Chumvi kwenye bati, tena mji wa pwani! Sabuni ya vyombo ya kiwandani ni afadhali kwa siku moja ya shida. Shampuu ya gari isiyo kali kwa rangi, yenye kuandikwa pH 7 au karibu na hapo, ndiyo ya kununua, na chupa moja huchukua miezi kwa sababu kifuniko kimoja au viwili vinatosha ndoo nzima.

Osha kivulini bati likiwa limepoa, ukianzia paa kushuka, bampa na sehemu za chini mwisho. Kausha mara moja, usiliachie jua. Maji ya visima vingi vya Dar yakikaukia juu ya rangi nyeusi huacha madoa meupe ambayo shampuu haitayatoa.

5. Nta

Hapa watu hununua kitu kingine wakidhani wamenunua nta. Kopo lililoandikwa polishi au kompaundi lina chembe za kusaga: linang'arisha kwa kula tabaka la juu la rangi, ambalo ni jembamba na halirudi. Ukilitumia kila mwezi unalimaliza gari kwa mikono yako. Nta haili, inafunika. Ya asili hupendeza lakini kwa jua letu hudumu wiki chache, ya sintetiki ya kunyunyizia hudumu zaidi na ni rahisi kupaka, kwa hiyo nachagua hiyo. Faida yake kubwa Dar ni kunguru. Kinyesi chao kikikaa juani siku nzima kinaacha alama ndani ya rangi. Penye nta unapata muda wa kufika nyumbani, ukaweka kitambaa kibichi juu yake dakika kadhaa, ukakiinua bila kusugua.

6. Pampu ya upepo ya volti 12

Inafaa kwa anayesafiri mikoani. Nunua yenye vibanio vya kushika betri moja kwa moja kama una Noah au Prado. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti inatosha IST. Washa injini unapoitumia, na ipumzishe ikipata moto.

7. Mashine ya presha

Raha yake naijua, lakini ni ya saba. Ya nyumbani yenye presha ya bar 100 hadi 130 inatosha, ila hakikisha inaweza kuvuta maji kutoka kwenye ndoo au tangi, maana nyingi hutaka bomba lenye nguvu na bomba letu mnalijua. Inatumia kati ya lita 5 na 7 kwa dakika. Kaa mbali sentimita 30 au zaidi na rangi, na usiielekeze kwenye injini. Koili, alteneta na soketi za nyaya hazikuumbwa kwa mkondo wa namna hiyo, na gari kukataa kuwaka baada ya kuoshwa injini ni kesi ya kila siku gereji.

Mwisho kabisa

Spreyi ya dashibodi yenye mng'ao huakisi juani kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Taa zilizofubaa na kuwa manjano, dawa ya meno huzisafisha kwa muda mfupi tu kwa kuwa haina kinga ya jua. Kama unanunua seti ya kusugulia, iwe na chupa ya kinga hiyo ndani. Mafuta ya tairi, chagua ya maji, upake ubavuni, kamwe si panapokanyaga. Na kijana wa kuosha akikuuliza kama apulizie dizeli chini ya gari ling'ae, kataa: dizeli hula bushi za mpira, na bushi utazinunua wewe.