Scania 143M na Peterbilt 359: mapitio ya modeli mbili za vichwa vya semitrela

Anayeanza kuunda modeli za malori huchagua sanduku kwa picha iliyo kwenye kifuniko, na mimi sikuwa tofauti. Baada ya kuzimaliza zote mbili, yaani Scania 143M Topclass ya kampuni ya Kiitaliano Italeri, iliyo katika skeli ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko lori lenyewe), na Peterbilt 359 ya AMT ya Marekani, iliyo katika skeli ya 1/25, naona kwamba kifuniko kilinieleza machache mno. Lililo muhimu ni kuyajua malori yenyewe: kabini imekaa juu ya injini au nyuma yake, ekseli ni ngapi, na jina lililoandikwa mbele lina maana gani. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Scania ndiyo ya kununua kwanza, ijapokuwa Peterbilt ndiyo inayovuta macho ya wageni sebuleni.

Tofauti ya sura zao imetokana kwa sehemu kubwa na sheria za barabara. Katika Umoja wa Ulaya, kichwa na semitrela yake vikiunganishwa havipaswi kwa kawaida kuzidi mita 16.5, na kwa kuwa kila mwenye lori anataka nafasi kubwa ya mzigo, dereva hukalishwa juu ya injini na pua hukatwa kabisa. Marekani nayo iliondoa kwa sheria ya mwaka 1982 ukomo wa urefu wa jumla kwenye barabara zake kuu, ikabaki kuangalia urefu wa trela peke yake, hivyo lori lenye pua ndefu likazidi kushamiri na vichwa bapa vikapungua mwaka hadi mwaka. Kwa mwundaji jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja: injini ya Scania hufichwa chini ya kabini, na kazi yote uliyoifanya kupaka mabomba yake rangi huonekana pale tu kabini inapolazwa mbele, ilhali Peterbilt iliyofunguliwa boneti huonyesha kila kitu.

Jina la 143M linasomeka kama anwani. Namba 14 ni ukubwa wa injini kwa lita, yaani ile V8 maarufu, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. 3 ni mfululizo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Na M ni chesisi ya kazi ya wastani, tofauti na H ya kazi nzito. Aliyekulia kando ya barabara ya TANZAM au ile ya kutoka Mombasa kwenda Malaba huenda akaikumbuka zaidi ndugu yake, 113, yenye injini ya lita 11 na silinda sita zilizopangwa kwa mstari. Sura za kabini zao zinafanana sana, kwa hiyo anayetaka 113 anaweza kuanza na sanduku hili hili, akaacha kubandika alama ya V8 mbele, na akakubali kwamba kabini yake haitalazwa kamwe mbele ya mtu anayezijua injini.

Kazi zaidi iko nyuma ya kabini. Modeli hii ni ya 4x2, maana yake ina ekseli mbili na inasukumwa na moja, mpangilio unaofaa lami tambarare za Uholanzi. Lori la mizigo mizito ya kwetu aghalabu ni 6x4, lenye ekseli tatu na kusukumwa na mbili, lile ambalo madereva huliita la difu mbili, na kulipata kunadai kurefusha chesisi, kuongeza ekseli na springi, na kuisogeza sahani ya kuunganishia trela. Usukani nao lazima ukaguliwe kabla ya kulipa: malori ya Ulaya bara yana usukani kushoto, nasi tunataka kulia, na ukiuhamisha usisahau waipa, kwa sababu nazo hulala upande wa kinyume. Nimeona modeli nzuri sana, iliyochafuliwa kwa vumbi jekundu kwa ustadi mkubwa, ikaharibiwa na waipa zilizoelekea upande usio wake.

Anayetaka kitu kipya zaidi ajue kwamba namba za Scania zilibadilika maana. Katika R620, 620 ni nguvu za farasi, si lita wala mfululizo. Mercedes-Benz wao huweka uzito kwanza: Actros 1851 ni lori la tani 18 lenye farasi 510, na 3363 ni la tani 33 lenye farasi 630. Hii ndiyo sababu Tamiya, wanaotengeneza zote mbili katika skeli ya 1/14 kwa kuendeshwa kwa rimoti, wameipa 1851 ekseli mbili na 3363 ekseli tatu. Hawakuchagua kwa kubahatisha.

Nikirudi kwa Peterbilt, lori la 359 lilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1987, kisha likafuatwa na 379. Wauzaji huyachanganya haya mawili pamoja na 378, ambayo Italeri wameitolea modeli katika skeli ya 1/24, na mnunuzi asiyetahadhari hufungua sanduku akakuta lori ambalo hakulikusudia. Boneti ya 378 ni ya faibaglasi na inainama kuelekea mbele ili dereva aone barabara vizuri. Ya 379 ni ya alumini, imenyooka, na ilipatikana kwa urefu wa inchi 119 au 127, kipimo kinachohesabiwa kutoka bampa hadi mgongo wa kabini. Tofauti ya inchi nane ni kama milimita 8.5 katika skeli ya 1/24, na jicho lililozoea huiona kutoka upande wa pili wa meza.

Modeli ya AMT ni ya kalibu za zamani, na modeli za enzi hizo hazimsaidii mvivu: vipande ni vingi, kingo zake zinataka msasa, na kila kipande ni vema kikajaribiwa mahali pake kabla gundi haijafunguliwa. Malipo yake ni injini na chesisi ambazo mtu anaweza kuzitazama kwa muda mrefu. Kromu ndiyo mtihani. Bampa, matangi, chujio za hewa zilizo nje ya boneti na mabomba mawili ya moshi yanayosimama nyuma ya kabini vyote hung'aa, na gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu, hivyo sehemu za kuungia hazina budi kukwanguliwa kwa kisu mpaka plastiki yenyewe ionekane. Mara ya kwanza nilipuuza hatua hii, na bomba moja likaanguka juu ya boneti iliyokwisha kupakwa rangi nyekundu.

Neno la mwisho ni juu ya trela. Muuzaji mmoja aliniuzia trela ya 1/25 kwa ajili ya Scania yangu ya 1/24, akisema kwamba tofauti ya asilimia nne haionekani. Kwenye kabini peke yake pengine haionekani. Lakini sahani ya kuunganishia iliyo mita 1.2 kutoka ardhini huwa milimita 50 katika skeli moja na 48 katika nyingine, na trela yangu ilisimama ikiwa imeinua kidevu, kama lori lililopakia mzigo wote nyuma. Nililazimika kuiondoa sahani ile na kuishusha kwa milimita mbili. Peterbilt, ambayo trela hiyo inaifaa bila kurekebishwa chochote, ndiyo inayoivuta sasa, na Scania imesimama pembeni ikisubiri trela ya 1/24 na ile ekseli yake ya tatu.