TAHADHARI: Yufoniamu na tuba "orijino za Uingereza" ambazo hazitaingia kwenye bendi yako

Walimu wa bendi za kanisa na shule, Kenya na Tanzania, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna aina ya tangazo inayorudi kila mara kwa majina tofauti: yufoniamu au tuba (vyombo vikubwa vya shaba vya kupuliza, vya sauti nzito) ya Boosey & Hawkes au ya Besson, majina ya viwanda vya Uingereza, "ya zamani, orijino, haijachoka", inang'aa kama imetoka dukani leo. Mara nyingi chombo chenyewe ni halisi kabisa, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Bendi za matarumbeta za Uingereza, zikiwemo za Jeshi la Wokovu, zilikuwa zikipiga kwa sauti ya juu, noti A ya kupimia ikiwa karibu 452.5 Hz (mitetemo kwa sekunde), mpaka miaka ya 1960. Kinanda chako cha kanisani kiko 440. Tofauti ni karibu robo toni nzima. Vyombo vya kiwanda cha Jeshi la Wokovu kilichokuwa St Albans navyo, vile vya kabla ya miaka hiyo, vikaguliwe vivyo hivyo.

Kwenye video chombo hicho kikipigwa peke yake kinasikika kitamu. Kikikutana na kinanda, au na tarumbeta mpya za wenzake, kila noti inakwaruza.

Muuzaji akibanwa husema, "vuta slaidi kuu tu, inashuka," yaani bomba la kuvuta la kurekebisha sauti ya chombo kizima. Msikubali. Bomba la yufoniamu lina urefu wa karibu mita 2.7, na ili lishuke robo toni linahitaji kuongezwa takriban sm 8, yaani kuvuta karibu sm 4 kila mguu wa slaidi kuu. Tuba ya Eb inadai sm 11 hivi, na besi kubwa ya Bb sm 15 au 16. Slaidi nyingi hazina nafasi hiyo. Ukizifikisha huko zinaning'inia na kuvuja. Hata ikifika, mabomba ya valvu bado ni mafupi. Ya kwanza inataka karibu sm 1 zaidi, ya pili nusu sentimita, ya tatu sm 1.5. Zisipoongezwa, noti ya wazi itakuwa sawa, lakini ukibonyeza valvu sauti inakuwa juu kuliko inavyotakiwa, na ukibonyeza mbili au tatu pamoja inapanda zaidi. Fundi anayejua kazi hurefusha slaidi zote. Anayebabaisha hulehemu kipande kwenye slaidi kuu peke yake, kwa hiyo tazama kama kuna pete mpya au michirizi ya kijivu ya lehemu hapo tu.

Kipimo chenyewe ni dakika mbili, chombo kikishapata joto. Mwambie muuzaji apulize dakika tano kwanza, kwa sababu chombo cha baridi hushuka sauti na kinaweza kuficha tatizo. Kisha aingize slaidi kuu yote, aweke simu yenye programu ya kupimia sauti kwenye 440 ionekane kwenye video, apige Bb ya wazi bila kubonyeza kitu. Chombo cha kawaida kitapanda kidogo, na hilo si kosa. Cha sauti ya juu kitasimama katikati ya Bb na B, au kupita hapo. Baada ya hapo avute mpaka Bb ikae sawa, akuoneshe slaidi imebaki imeingia kiasi gani, kisha ashuke noti moja moja kwa valvu zote. Anayekataa video hii, achana naye.

Sasa mng'aro. Vyombo hivi husuguliwa kwa mashine mpaka shaba inakuwa nyembamba, halafu vanishi inapigwa juu. Dalili ni maandishi ya kuchonga yaliyofifia na kingo za pete zilizoviringika. Kibaya zaidi kinatoka ndani: zinki iliyochanganywa kwenye shaba inapotoka, vinabaki vidoa vya waridi vyenye kitone cheusi katikati. Viangalie hasa kwenye bomba linalopokea mdomo wa kupulizia, kwa tochi, kwa nje na kwa ndani. Hakuna dawa ya kuvifuta. Bomba hilo hubadilishwa.

Valvu zilizolika hufichwa kwa mafuta mazito, ambayo huziba mwanya kwa siku chache tu. Dai pistoni (vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya valvu) zitolewe, zifutwe zikauke, zipakwe mafuta mepesi, zirudishwe. Kisha avute slaidi ya valvu ya kwanza bila kubonyeza: itoe "pu" kali. Ikitoka kimya, upepo unapita pembeni ya pistoni. Pistoni iliyoliwa nikeli mpaka ikaonesha shaba chini ina gharama kubwa kuitengeneza, na mafundi wake ni wachache.

Mdomo wa kupulizia ukikosekana, usidhani utanunua wowote. Yufoniamu za zamani za Boosey & Hawkes zinapokea shina la wastani; shina kubwa la siku hizi halizami. Kwa midomo ya kampuni ya Denis Wick tafuta yenye herufi M mwishoni, kama 4AM.

Kuhusu malipo: picha ya chombo iwe na karatasi ya tarehe ya leo pembeni, pamoja na picha ya karibu ya namba iliyogongwa kwenye valvu. Usitume "advansi ya kushikilia" kwa simu kabla ya video ile ya Bb.