Niliongeza kategoria ya kulinda watoto, programu ikashusha umri

Nimekaa na jambo hili kwa muda nikijiambia niliache lipite, lakini kila nikifungua ile programu hasira zinanipanda upya. Basi naandika. Kama unatafuta programu ya kupanga video kwa umri wa watazamaji, na watazamaji wako ni watoto, naomba usome kabla hujalipa. Sifa zake zimeandikwa kwenye ukurasa wao, kazisome huko. Mimi nazungumzia kitu kimoja tu.

Sisi ni kikundi kidogo. Tunakagua video kabla hazijaingia kwenye maktaba ya watoto na vijana. Mkaguzi anaangalia video mwanzo hadi mwisho, anatoa alama 0 hadi 4 kwa kila kategoria, halafu programu inatamka umri: wote, 7, 12, 16 au 18. Tulianza na kategoria tano: ukatili, hofu, ngono na uchi, lugha chafu, na ya tano dawa za kulevya pamoja na pombe. Mwenzangu mmoja, kaka mtulivu sana, alikaa nami jioni kadhaa tukiandika maana ya kila alama. Kwenye ukatili, kwa mfano, tuliandika kwamba 1 ni kusukumana bila mtu kuumia, 2 ni mapigano yasiyo na damu, 3 ni majeraha yanayoonekana, na 4 ni mtu kuteswa au kuuawa mbele ya kamera bila kukwepesha. Tulibishana kweli kweli juu ya 2 na 3. Yule kaka alikuwa anasema sauti ya mfupa kuvunjika ni mbaya kuliko damu, na nadhani alikuwa sahihi. Kazi hiyo niliipenda, na programu ilituwezesha kuifanya vizuri. Hilo nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitakuwa mkali.

Miezi michache baadaye tukaona kuna pengo. Kulikuwa na video zisizo na damu wala matusi, lakini ndani yake watoto wanaruka kutoka juu ya paa, wanacheza na kamba shingoni, wanawasha moto chumbani. Mtoto akiona anataka kujaribu. Kwa hiyo tukaongeza kategoria ya sita tukaiita vitendo vya kuigwa. Nikabofya hifadhi, nikafunga kompyuta, nikalala nikiwa na amani kwamba sasa tumewalinda watoto zaidi ya jana.

Wiki iliyofuata nikapata ujumbe kutoka kwa mama mmoja. Ulikuwa mfupi na wa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma. Aliuliza kama kweli sisi tunaona video ile inamfaa mtoto wa miaka 12, kwa sababu wake ameitazama na sasa halali bila taa. Nikaitafuta video yenyewe. Ni simulizi ya kijiji kilichovamiwa, na ndani yake kuna baba anapigwa mpaka anakufa, mtoto wake amesimama pembeni anatazama. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliikagua mimi mwenyewe na nilisimamisha mara mbili nikatoka nje kuvuta pumzi. Niliipa ukatili alama 4. Siku ile niliyomaliza, programu iliandika 16. Sasa ilikuwa imeandikwa 12.

Nilidhani mtu ameingia akabadilisha. Nikafungua historia ya mabadiliko, hakuna aliyegusa. Alama zangu zilikuwa palepale: ukatili 4, hofu 3, lugha 2, dawa 1, ngono 0. Chini yake kategoria mpya, vitendo vya kuigwa, ilikuwa na 0 ambayo hakuna binadamu aliyeiweka. Nikachukua kalamu. Jumla ni 10. Ukigawanya kwa kategoria tano unapata 2.0, na 2.0 ndipo mlango wa 16 unapoanzia. Ukigawanya kwa sita unapata 1.67, na hapo umeshateremka kwenye 12.

Jamani. Programu ilikuwa inachukua wastani. Tumeongeza kategoria ili watoto walindwe, na kwa kitendo hichohicho video nyingine za maktaba nzima zimeteremka daraja kimyakimya usiku mmoja, bila onyo, bila hata alama nyekundu ya kusema umri wa video hizi umebadilika. Mikono ilinitetemeka. Nilizitoa hewani video zote zilizokuwa karibu na mpaka, kisha nikapiga simu huduma kwa wateja.

Aliyepokea ni kijana. Nilimweleza polepole, nikamtajia alama moja moja. Akanijibu, "Dada, programu haijakosea. Hiyo ni hesabu tu." Nikamwambia najua ni hesabu, kosa liko kwenye kuchagua hesabu hiyo. Akasema nimeacha kategoria mpya bila kujazwa ndiyo maana imehesabiwa sifuri, nikizijaza zote umri utakaa sawa. Akauliza kama nimesoma mwongozo. Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu nilisikia kicheko kidogo, kile cha mtu anayemgeukia mwenzake pembeni.

Basi tukajaza. Video 300 na ushee, watu watatu, usiku baada ya usiku baada ya kazi zetu nyingine. Nilipofika kwenye ile ya kijiji, nikaitazama tena yote kwa uaminifu nikitafuta kitendo ambacho mtoto anaweza kukiiga. Hakipo. Hakuna mtoto atakayeiga kuvamiwa. Nikaandika 0, sifuri ya kweli safari hii, nikabofya hifadhi. Ikaandika 12.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule kijana aliniambia jambo ambalo hakulifikiria hata sekunde moja. Sifuri iliyojazwa na sifuri isiyojazwa zinagawanya sawasawa. Tena nikaona kitu kibaya zaidi, ambacho kingepaswa kunishtua tangu siku ya kwanza: hata ile 16 ya mwanzo ilikuwa makosa. Sisi wenyewe tuliandika kwamba 4 ni mtu kuuawa mbele ya kamera. Video yenye 4 kwenye ukatili ni ya 18. Ngono kutokuwepo hakupunguzi kipigo. Mtoto akitazama video ile hatazami wastani, anatazama dakika ile moja, na dakika hiyo ndiyo anayolala nayo.

Nikapiga tena. Kijana yuleyule. Safari hii akanishauri niongeze uzito wa kategoria ya ukatili, niufanye mara tatu. Nikampigia hesabu hapohapo kwenye simu: 4 mara 3 ni 12, ongeza 3 na 2 na 1, ni 18, gawanya kwa 8, inakuja 2.25. Yaani 16, bado si 18. Na video yenye ukatili 4 peke yake bila kitu kingine? 12 gawanya kwa 8 ni 1.5. Inarudi kwenye umri wa 12! Mtu anateswa, na kwa sababu hakuna anayetukana wala kulewa, mtoto wa darasa la sita anakaribishwa kutazama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndivyo mifumo yote inavyofanya kazi, dada. Wateja wengine hawalalamiki."

Hapana. Si kweli, na anayeuza programu ya kazi hii hana ruhusa ya kutolijua hili. Uholanzi wana mfumo wao, Kijkwijzer, tangu 2001. Mkaguzi anajibu maswali kuhusu filamu, kila kategoria inapata umri wake, na umri mkubwa kuliko yote ndio unaobandikwa kwenye filamu. Australia wanapima mambo sita, yakiwemo ukatili, lugha, uchi na matumizi ya dawa za kulevya, na wanachotazama ni uzito wa athari kwa mtazamaji, kuanzia hafifu sana hadi kali sana. Hakuna mahali ukimya wa jambo moja unafuta ukali wa jingine. Nilimwambia hayo yote. Alisema atayafikisha panapohusika, na tangu siku hiyo sijasikia neno kutoka kwake.

Usiku ule niliandika tathmini ya nyota moja, na kama ningeibandika wakati ule mngeisoma ikiwa na maneno ambayo leo nisingeyarudia. Kilichonizuia ni kwamba niliamua kwanza kuwaandikia kwa maandishi, ili nibaki na ushahidi. Akanijibu mtu mwingine, binti, kwa ujumbe wa mistari minne. Aliniita dada, akanipa pole kwa yaliyompata yule mtoto, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya hata mara moja. Halafu akaniambia niende kwenye mipangilio ya ziada, nishuke hadi chini kabisa, nifungue sehemu ya kanuni ya kukokotoa, niondoe wastani na kuweka alama ya juu kabisa.

Ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote. Nikabadilisha, nikarudi kwenye ile video, ikawa 18. Nilikaa nikaitazama ile 18 kwenye skrini na machozi yakanitoka, sijui kama ni ya nafuu au ya uchungu. Video 40 na kitu zilipanda siku hiyo. Kila moja ya hizo ilikuwa imekaa mahali pasipo pake, na sisi ndio tuliosaini chini yake.

Sasa niseme haki, kwa sababu haki lazima isemwe. Baada ya kubadilisha kanuni, programu hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia kwa kazi hii. Kila alama inakutaka uandike dakika na sekunde ya tukio, na sentensi moja ya sababu, kwa hiyo mzazi akiuliza nina jibu: fungua 31:20, tazama mwenyewe. Unaweza kuipa kila kategoria ngazi yake. Hilo lilitufaa haraka sana, maana kwa kanuni ya alama ya juu video ya vichekesho yenye matusi mengi nayo ingepaa hadi 18, jambo ambalo si sawa. Tukaweka lugha iishie 16 hata ikipata 4, na ukatili tukauacha ufike 18. Ilituchukua asubuhi moja. Nilitamani yule kaka mwenzangu angekuwa na programu hii miaka yote aliyokuwa akifanya kazi hii kwa daftari.

Nikawa nimefuta nyota moja, nimeweka nne. Nilikuwa karibu kubofya tuma.

Kisha nikagundua jambo la wakaguzi wawili. Video nyeti tunaziangalia watu wawili, kila mmoja peke yake, ili jicho moja likipitiwa lingine lisaidie. Majuzi mimi niliipa video moja hofu 4, mwenzangu akaipa 1 kwa sababu alikosa kabisa sekunde chache za mwisho. Programu ikaandika 2.5. Wastani tena! Kanuni ya kukokotoa niliyobadilisha inahusu kategoria tu, haiwagusi wakaguzi. Palipotakiwa watu wawili kukaa chini, kurudisha video nyuma na kuulizana umeona nini wewe, programu imekata katikati na kusonga mbele kana kwamba hofu ya mtoto ni bei inayojadiliwa sokoni. Nimemwandikia yule binti. Amejibu siku hiyohiyo, kwa adabu ileile, kwamba kwenye hili kwa sasa hakuna pa kubadilisha. Tumeanza kulinganisha alama zetu kwa mkono kabla ya kuziingiza.

Kwa hiyo naziacha nyota mbili. Zote mbili ni za yule binti na za ile sehemu ya dakika na sababu. Wastani ukiondolewa kuwa chaguo la kwanza anapofungua mteja mpya, na mtu akiongeza kategoria aonyeshwe kabla ya kuhifadhi ni video zipi zitabadilika umri, nitarudi hapa nibadilishe. Yule mama nilimwandikia nikamweleza ukweli wote, na hesabu nikamwonyesha. Alinijibu kwamba mtoto sasa analala, ila taa ya korido bado wanaiacha inawaka.